Nitajuaje kliniki ya meno ni nzuri? Naomba ushauri

Baba_Kisauni: Asalaam aleikum wana-Mombasa. Kuna kliniki ya meno Nyali nimeanza kwenda kutibiwa. Kiyoyozi baridi mpaka magoti yaganda, daktari mpole, hana haraka. Nilivuka feri alfajiri nimuwahi. Asema gego la chini kushoto lataka kuvishwa kofia ya kulifunika, na mengine manne yazibwe. Naulizia tu, mtu asiyesomea atajuaje kama atibiwa vyema?

Bi_Karafuu: Mwanangu, lakuuma?

Baharia_Mstaafu: Mimi mzee mmoja wa mtaani alining'oa jino nikiwa kijana. Akanionyesha, jeupe pepepe. Lile bovu lilikuwa la pembeni yake, ninalo hadi leo.

Dada_wa_Tudor: Nimekuwa msaidizi wa daktari wa meno miaka 6. Kiyoyozi wachia wanaouza samaki. Vyombo atoavyo, je, vyatoka kwenye pakiti iliyofungwa, anaichana mbele yako? Pakiti ina alama inayogeuka rangi ikipita kwenye moto wa kuua vijidudu. Glavu abadilisha kila mgonjwa? Alikuuliza sukari, presha, dawa unazomeza? Na picha ya eksirei ya hilo gego uliiona? Jina lake na la kliniki yatafute kwenye tovuti ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya. Daktari ana leseni yake, kliniki ina yake, na zote ni za kila mwaka.

Baba_Kisauni: Haliumi. Picha hakupiga, mashine imepelekwa kutengenezwa. Lakini alipoligonga kwa kile kijichuma nilihisi kitu.

Bi_Karafuu: Hata mimi nikigongwa na chuma nitahisi kitu.

Ustadhi_Majengo: Mwatafuna majani ya muguka na jojo usiku kucha, kisha mwasumbua madaktari. Mswaki ni sunna, na haukodishwi.

Kapera_Mtongwe: Ustadhi, gavana alipiga muguka marufuku Mei 2024, korti ikasimamisha amri. Meno hayakungoja hukumu. Baba, umeshatoa ngapi?

Baba_Kisauni: Mbona twaingia kwenye pesa? Nimetoa arubuni 15,000, ya kofia peke yake. Na si ghali, nimeulizia kwengine. Tena jino ni langu, heri nilitunze kabla halijaharibika.

Dada_wa_Tudor: Kulitunza si kulichonga. Kofia haivikwi juu ya jino zima kama kofia ya Ijumaa. Jino huchongwa pande zote kwanza, na kilichochongwa hakioti tena. Nenda kwa daktari mwengine mwenye eksirei kabla huyu hajashika mashine. Hayo manne nayo, mwambie akuonyeshe kwa kioo shimo liko wapi, moja moja.

Kapera_Mtongwe: Ngojeni kwanza. Huyu ni wa Kisauni, kliniki iko Nyali, kote ni upande mmoja. Kavuka feri ipi?

Baharia_Mstaafu: Wallahi! Mimi nimesafiri bahari zote, hiyo feri sijaipanda.

Ustadhi_Majengo: Hadithi ya kutunga. Huyu ana kliniki yake, amchafulia jirani.

Baba_Kisauni: Sina kliniki! Haya. Iko Likoni, ng'ambo ya feri. Nilibadilisha mahali kwa sababu daktari ni shemeji yangu, kakake mke wangu, na mke huingia humu kusoma.

Bi_Karafuu: Ala! Kumbe wauliza jino, wataka talaka.

Dada_wa_Tudor: Shemeji au si shemeji, leseni uliiona?

Baba_Kisauni: Iko ukutani, fremu ya dhahabu.

Dada_wa_Tudor: Ya mwaka gani?

Baba_Kisauni: Sikuwa na miwani. Jamani, nikimwambia nataka maoni ya daktari mwengine, nyumbani nitalala wapi? Miadi ni Jumamosi, na Ijumaa tumealikwa kwake biriani.

Kapera_Mtongwe: Nenda ukale. Tafunia kushoto, mbele yake, tena mifupa.