Tupeane uzoefu: rafiki ambaye bila yeye filamu huwa haijaisha

Mleta mada

Wapenzi wenzangu wa filamu, nawasalimu. Nimeleta mada hii nikiwa na ombi moja: kila mwenye rafiki wa kuzungumza naye filamu atueleze siku ambayo mazungumzo yao yalimgeuzia filamu aliyodhani ameshaielewa. Orodha za filamu bora zimejaa kila mahali na sizihitaji hapa. Ninachotaka kusikia ni kile kilichotokea kati yenu wawili baada ya picha kwisha.

Nianze na changu. Mimi na rafiki yangu tumetazama filamu pamoja kwa miaka kumi na mmoja, na tangu mwaka wa pili tuna utaratibu wa kutazama tatu tatu: moja kongwe inayosifiwa na kila mtu, moja iliyosahaulika, na moja mpya. Anayechagua haruhusiwi kueleza sababu zake kabla hatujaitazama. Tuliuweka utaratibu huo baada ya kugundua kwamba yeye alikuwa akipenda kongwe tu na mimi nikipenda mpya tu, hivyo kila mmoja alikuwa akimvumilia mwenziwe badala ya kumsikiliza.

Katika zamu yake ya kwanza alichagua Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, iliyotoka mwaka 1953. Wazee wawili wanasafiri kwenda kuwaona watoto wao jijini, watoto wamezongwa na shughuli zao, wazee wanarudi kwao. Nilimwambia wazi kwamba sikuona kisa. Kamera imewekwa chini karibu na sakafu na karibu haisogei kabisa, watu wanazungumza kwa upole, na hata maneno yanayouma yanatamkwa kwa tabasamu. Rafiki yangu hakubishana nami. Aliniuliza tu, "Kati ya wale watoto, ni yupi aliyewakosea wazazi wake?" Nikamtaja haraka binti mwenye saluni, ambaye anashirikiana na kaka yake kuwapeleka wazee kwenye hoteli ya mbali ili nafasi ipatikane nyumbani. Akaniuliza tena, "Kwa nini alifanya hivyo?" Nikaanza kujibu: ana wateja, nyumba yake ni ndogo, ana wageni wa kikao jioni. Kadiri nilivyozidi kumhesabia udhuru wake ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hakuna hata mmoja ambao mimi mwenyewe sijawahi kuutumia kwa wazazi wangu. Aliyewatembeza wazee jijini, tena kwa kuomba ruhusa kazini, ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyefia vitani. Nilikuwa nimemwona katika kila tukio lake bila kumtazama.

Jambo hilo lilirudi miaka mingi baadaye, nilipochagua Perfect Days ya Wim Wenders, ya mwaka 2023, inayomhusu msafishaji wa vyoo vya umma jijini Tokyo. Mhusika huyo anaitwa Hirayama, na rafiki yangu aliposikia jina hilo alisimamisha filamu papo hapo, kwa sababu ndilo jina la ukoo wa wazee wale wa Ozu. Wenders ni mpenzi wa Ozu wa siku nyingi, na mwaka 1985 alikwishatoa filamu ya kumbukumbu juu yake, Tokyo-Ga. Hata hivyo rafiki yangu hakuridhika. Alisema filamu hii inamlinda mno mtu wake: anaishi peke yake na miti yake, vitabu vyake na kanda zake za muziki, hana anayeweza kumkosea na hakuna anayeweza kukosewa naye, ilhali watu wa Ozu wanadaiana tangu mwanzo hadi mwisho.

Tulizungumza hadi usiku wa manane, nami nikashikilia tukio moja fupi. Dada yake Hirayama anakuja na gari linaloendeshwa na dereva kumchukua binti yake, anamweleza kwamba baba yao amedhoofika kiasi cha kutowatambua watu, na anamwomba aende kumwona. Hirayama anakataa kwa kutikisa kichwa, kisha gari linapoondoka analia. Nilimwambia rafiki yangu kwamba deni alilokuwa akilitafuta lilikuwa pale. Huyu ni mtoto ambaye hakwenda. Ozu alitukalisha na wazee wanaosubiri, na Wenders ametukalisha na yule anayesubiriwa. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema tuirudie Tokyo Story wiki ile ile. Tulifanya hivyo, na safari hii mimi ndiye niliyeichagua.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa mada hii. Kisa changu kinahusu filamu iliyosahaulika, ingawa kwa hii neno lililo sahihi zaidi ni "iliyozuiliwa". Killer of Sheep ya Charles Burnett ilikuwa kazi yake ya kuhitimu masomo ya filamu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Aliipiga mwishoni mwa juma katika mtaa wa Watts, kwa fedha kidogo sana, akiwatumia zaidi watu ambao si waigizaji wa kazi. Kwa miaka mingi haikuweza kuuzwa wala kusambazwa katika kumbi kwa sababu haki za nyimbo zilizomo hazikuwa zimelipiwa, na mpaka inafika kwenye kumbi za kawaida mwaka 2007, miaka thelathini ilikuwa imepita tangu ikamilike. Nasisitiza hilo kwa sababu watu hudhani kwamba kazi ambayo haisikiki ni kazi ambayo haikustahili.

Rafiki yangu aliniletea filamu hiyo bila maelezo. Wakati ule alikuwa akifanya kazi za zamu za usiku kiwandani. Kuna tukio ambapo Stan, mfanyakazi wa machinjioni, na mwenzake wananunua injini ya gari, wanaishusha ngazi kwa taabu kubwa, wanaipakia nyuma ya gari dogo bila kuisukuma ndani vya kutosha, na gari linapoanza tu kuondoka injini inaanguka na kuharibika. Mimi nilicheka. Nilipogeuka nilimwona rafiki yangu ameufunika mdomo kwa mkono. Alinieleza baadaye kwamba wawili wale waliridhika injini ilipokuwa bila kuisukuma ndani zaidi, na kwamba mtu asiyelala huchukua maamuzi ya namna ile kila siku, kwa kuwa nguvu za kusukuma mara moja zaidi hana. Niliirudia filamu yote nikifuata uchovu kama vile wengine wafuatavyo kisa. Niliuona katika jinsi Stan anavyokosa usingizi, anavyoshika kikombe, na katika ngoma ile anayocheza na mke wake sebuleni mbele ya dirisha: wanazunguka polepole, muziki unakwisha, naye anamwachia na kuondoka. Nilikuwa nimeiita filamu isiyo na kisa, nikiwa nimeketi kando ya mtu anayekiishi.

Mchangiaji wa pili

Mimi nitakuwa mfupi. Rafiki yangu alikuwa na kanuni ya kutotazama filamu yoyote kabla haijafikisha miaka mitano, akisema muda ndio mhakiki wa kuaminika. Nilimkumbusha kwamba Vertigo ya Alfred Hitchcock ilipokewa bila shauku kubwa mwaka 1958, ikashika nafasi ya kwanza katika kura ya wahakiki ya jarida la Sight and Sound mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ikaondolewa hapo na Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya mwaka 1975. Nilimwuliza ni hukumu ya muda upi anayoingoja. Nikamkumbusha pia kwamba tarehe 25 Juni 1982 kumbi za Marekani zilifunguliwa kwa Blade Runner na The Thing, filamu zinazosifiwa sana leo, siku moja, na wengi waliozipuuza zote mbili wiki ile walikuwa watu wenye akili zao timamu. Kuitazama filamu mpya kabla haijahukumiwa ni nafasi ya pekee ya kujua wewe mwenyewe unaona nini. Tangu hapo huwa tunaandika maoni yetu kwenye karatasi usiku ule ule, tunabadilishana, na tunazisoma tena baada ya mwaka. Katika karatasi zangu nimeona kwamba filamu ninazozisifu kwa maneno makubwa ndizo ninazozikumbuka kidogo.

Sikubaliani na mleta mada kuhusu kuficha sababu za uchaguzi. Rafiki yangu akinieleza kwa nini ameipenda filamu, huwa namtazama na yeye pia ndani yake.

Mchangiaji wa tatu

Nimesita kuandika kwa sababu hali yetu ni tofauti kidogo. Rafiki yangu alipoteza uwezo wa kuona akiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kutazama filamu pamoja nami. Tulidhani kwamba jambo letu limefikia mwisho. Ni yeye aliyeniambia nijaribu kumsimulia picha wakati filamu inaendelea, na tulianza na zile zenye mazungumzo mengi, ambazo masikio yanaweza kuzifuata.

Siku moja aliomba The Passion of Joan of Arc ya Carl Theodor Dreyer, ya mwaka 1928, inayohusu kesi ya Joan, msichana Mfaransa aliyehukumiwa na kanisa. Nilidhani amekosea, kwa kuwa ni filamu isiyo na sauti, na karibu yote ni nyuso. Hakukosea. Aliniambia kwamba filamu ile yenyewe iliwahi kupotea: mkanda wa asili uliungua, Dreyer akalazimika kuiunda upya kutokana na vipande vilivyobaki, na nakala ya toleo la kwanza ikaja kupatikana mwaka 1981 katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Norway. Kama iliweza kurudi kutoka huko, alisema, basi inaweza kumfikia na yeye.

Nilianza kwa kumwambia, "Joan ana huzuni." Alinisimamisha. "Usiniambie ana nini, niambie uso unafanya nini." Nikajaribu upya: macho yamefunguka kupita kiasi, hayapepesi, chozi limejaa kwenye kope la chini na halijadondoka, midomo imekauka. Alitikisa kichwa kukubali. Kwa muda wa saa moja na zaidi nilifanya kazi hiyo, na nakiri kwamba sijawahi kuchoka namna ile mbele ya filamu. Niligundua kwamba maisha yangu yote nilikuwa nikiona chozi na kuandika moyoni "huzuni", kisha naacha kutazama. Uso wa Falconetti, mwigizaji wa Joan, haukubali neno moja. Hofu inapoingia, kuna kitu kingine kinachotoka wakati huo huo, kama mtu anayefungua mlango akiwa bado ameshika kitasa, na nilipokosa jina la kitu hicho nililazimika kueleza misuli ya shavu.

Tulipofika kwenye maswali ya mapadri, rafiki yangu aliinua mkono akauliza, "Nzi hajatua?" Sikuelewa. Akasema kwamba kuna nzi anayetua usoni mwa Joan naye anamfukuza, na kwamba hajamsahau tangu alipoitazama akiwa na macho. Nikarudisha filamu nyuma. Nzi alikuwepo. Nilikuwa nimemwona na nikamwacha, nikidhani si sehemu ya kisa.

Mleta mada

Nimemsomea rafiki yangu ujumbe huu wa mwisho kwa sauti, wote, mara mbili. Zamu inayofuata ni yake ya filamu kongwe, na ameshachagua: ni hiyo ya Dreyer. Ameomba aketi akiipa skrini mgongo nami nimsimulie nusu ya kwanza, halafu tubadilishane. Nitaleta hapa vyote nilivyoviruka, pindi atakaponionyesha.