Nikiirudia Avatar ufukweni Kibirizi, nitafsiri au ninyamaze? Naomba ushauri

Mtafsiri_Ujiji

Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina banda la video hapa Ujiji, Kigoma, na mimi mwenyewe ndiye mtafsiri. Muvi ikianza napunguza sauti, nashika maiki, nawaeleza watu nani ni nani na anasema nini. Adui nampa sauti nzito, steringi naye nampa yake. Wateja wamenizoea hivyo. Muvi ya vita nisipoitafsiri, mtu anadai hela yake.

Juzi juzi niliweka Avatar ya James Cameron, ile ya kwanza ya mwaka 2009. Wengi walikuwa wameona vipande tu kwenye simu. Mwanzo niliutafsiri wote: Jake Sully ni mwanajeshi aliyepooza miguu, pacha wake ameuawa, naye anapelekwa Pandora, dunia ya mbali angani, akaingie kwenye mwili wa bluu uliotengenezwa kwa ajili ya huyo pacha. Ikafika pale anapoamka ndani ya mwili mpya. Anasimama anayumba, anatoka nje mbio, kamera inashuka hadi kwenye vidole vya miguu vinavyojichimbia kwenye udongo. Mimi bado naongea. Kijana aliyekaa mbele, anayetembea kwa magongo tangu utotoni, akageuka akaniambia kwa upole, "Kaka, hebu nyamaza kidogo." Nikazima maiki. Hakuna aliyelalamika, na kwa muda mrefu hakuna aliyekohoa.

Shida ilikuja baadaye. Vijana wanataka niirudie bila neno hata moja, wanasema hawajawahi kuona picha kama ile maishani. Kina mama wanaouza samaki hapo jirani wanasema walilipa bure, kwa sababu nilipokaa kimya hawakujua kwa nini wale watu wanauangusha mti wa wenzao. Mzee mmoja anayeheshimika mtaani kwetu aliniita kando. Picha aliisifu, lakini hadithi ilimuudhi: mgeni anakuja kupeleleza, kisha yeye huyo huyo ndiye anakuwa mkombozi. "Kwani wenyewe hawana kichwa?" akaniuliza. Na kuna baba mmoja hakupenda kabisa wanawe waone watu wanauomba mti.

Sasa wenye maboti wa Kibirizi wameniomba niioneshe ufukweni kwenye skrini kubwa, kipindi cha mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wamepumzika kwa sababu taa hazivuti samaki. Watakuja watu wengi kuliko banda langu linavyoweza kubeba. Nataka watoke wameiona kweli. Nitafsiri yote, nisitafsiri, au kuna njia ya katikati? Na huyu mzee nimjibu nini?

Nawasilisha.

Mtoto_wa_Kibirizi

Tafsiri mkuu. Filamu ni dakika 162. Wavuvi hawa hawasomi maandishi ya chini, na Kiingereza cha Wamarekani hawakijui. Ukinyamaza, saa ya pili watakuwa wamelala kwenye mchanga.

Mwalimu_Mwanga

Kaka, mimi nafundisha sekondari hapa Mwanga na filamu hii nimeiangalia na wanafunzi. Naomba nikupinge kidogo wewe na huyo aliyenitangulia.

Angalia ilivyopokewa kwao. Mwaka 2010 ilitajwa kuwania tuzo 9 za Oscar ikapata 3, nazo zote ni za macho: upigaji picha, usanifu wa mandhari, na athari za picha. Kwenye uandishi wa hadithi haikutajwa hata kuwania. Maana yake hata waliobobea waliona kwamba nguvu ya kazi hii iko kwenye kinachoonekana. Hadithi ni nyepesi, unaweza kumsimulia mtu akiwa anamenya ndizi.

Halafu kuna nyuso. Wale watu wa bluu hawakuchorwa hivi hivi. Waigizaji walivaa kofia zenye kamera ndogo mbele ya uso, kila mkunjo wa jicho na mdomo ukanaswa, ndipo kompyuta ikavisha ile sura. Neytiri, yule binti wa ukoo, anapolia, anayelia ni Zoe Saldaña mwenyewe. Ukiweka sauti yako juu ya kilio kile umemnyang'anya mtazamaji kitu alichokuja kukiona.

Na ile lugha ya Wanavi, wale wenyeji wa bluu wa Pandora, ilitungwa na mtaalamu wa isimu, Paul Frommer, ina sarufi yake kamili. Jake haielewi anapofika. Kuna raha fulani mtazamaji naye akiwa haelewi, anasoma mikono na macho kama Jake anavyosoma.

Ushauri wangu: kabla hujawasha projekta, simama mbele uwasimulie hadithi kwa dakika kumi. Nani anataka nini, chini ya mti kuna madini gani, kanali wa hao wavamizi ni nani. Wakishajua hayo, kazi yako ndani ya filamu itakuwa ndogo sana.

Mtoto_wa_Kibirizi

Mwalimu, ukiwasimulia yote watakaa kuangalia nini tena?

Mwalimu_Mwanga

Mwisho asiuseme, mdogo wangu. Aishie pale Jake anapokubaliwa na ukoo. Watu wetu wamezoea kusikia hadithi ile ile mara nyingi na bado wanaisubiri.

Mzee_wa_Gungu

Wanangu, nimesoma yote. Nataka kumsemea huyo mzee mwenzangu, maana naona mnampita haraka.

Mtu aliyekulia Ujiji amekulia jirani na ule ukumbusho wa mwembe. Kila mgeni anayeshuka kwenye treni anapelekwa pale aoneshwe mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wazungu wawili wanapeana mikono, na mji mzima uliowapa chakula, maji na wapagazi umekuwa pambo la nyuma yao. Watu wa Ujiji waliwaona wageni wakija kwa ajili ya pembe za ndovu, wakija kwa ajili ya watumwa, wakaja wa dini, kisha wa bendera. Leo mtu huyo unamkalisha mbele ya skrini umwoneshe ukoo mzima unaomsubiri mgeni mmoja aje kumpanda yule ndege mkubwa kuliko wote ndipo upigane. Lazima aulize. Swali lake ni la mtu aliyeangalia kwa makini kuliko wale waliopiga makofi tu.

Lakini akumbuke pia kwamba wanyonge wengine waliichukua filamu hii wakaifanya yao. Evo Morales alipokuwa rais wa Bolivia aliisifu hadharani mwanzoni mwa 2010, akaona humo mapambano ya kulinda ardhi. Februari ya mwaka huo Wapalestina wa kijiji cha Bil'in walijipaka rangi ya bluu, wakavaa kama Wanavi, wakaandamana kupinga ukuta uliokata mashamba yao. Hao steringi hawakumjali. Walijiona kwenye wale wenye mti.

Kwa hiyo usimjibu, mwanangu. Mwalike Kibirizi, na filamu ikiisha mpe maiki aseme mbele ya watu yale aliyokuambia kando. Vijana nao wamjibu.

Mtafsiri_Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Hili la kumpa maiki sikuwa nimelifikiria kabisa, na najua atakubali. Asante sana.

Dada_Kasulu

Habari kaka. Niliwahi kufanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na tuliwahi kuionesha filamu hii kwa vijana na watu wazima, wengi wao wakiwa wametoka Kivu, Kongo.

Nataka nikwambie kuhusu sehemu moja tu, pale makombora yanapoupiga mti mkubwa. Mwenzetu aliyekuwa anatafsiri kwa Kiswahili aliendelea na mbwembwe zake, kanali akampa sauti ya kuchekesha. Watoto wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu nami, kilemba chake cha kitenge amekishika kwa mikono miwili, akainuka akatoka nje. Nilimfuata nikidhani anaumwa. Aliniambia kijijini kwao walikuja watu wakitafuta madini, na usiku ule nyumba ziliungua hivyo hivyo, majivu yakashuka polepole hadi kulipokucha. Hakuwa na hasira na filamu. Alisema waliotengeneza wameuona moto ulivyo, sema hakutaka kuusikia ukichekewa.

Kwenye skrini, baada ya mti kuanguka, majivu yanaelea muda mrefu na hakuna anayesema la maana. Kaka, hapo zima maiki kabisa, iweke mezani. Kibirizi kuna watu waliovuka ziwa kwa mitumbwi usiku. Usijue wewe nani amekaa mbele yako.

Mtafsiri_Ujiji

Dada, nimekusoma zaidi ya mara moja. Kanali hatapata sauti ya kuchekesha kwangu. Nitamtafsiri kwa sauti yangu ya kawaida.

Abuu_Katonga

Kuhusu yule baba: ana haki ya kulea wanawe anavyoona. Mwambie kabla kwamba ni viumbe wa kubuni na imani ya kubuni, achague mwenyewe kuwaleta au kuwaacha. Halafu anza baada ya Isha, watu waswali kwanza. Ukianza saa mbili na nusu utamaliza saa tano na dakika kumi na kitu, siyo mbaya kwa siku wasizoingia ziwani.

Na kibali cha kuonesha hadharani ufukweni usikiache mkuu. Cha banda peke yake huenda kisitoshe. Ulizia kwa afisa utamaduni mapema.

Fundi_Skrini

Wote mnaongelea maneno, hakuna anayeongelea mwanga, na muvi hii bila giza haipo.

Kule majumba makubwa watu waliiona kwa 3D, na miwani ile inakula mwanga mwingi, kwa hiyo msijione mmepunjwa sana kwa kuiona kwenye skrini ya kawaida. Rangi zinaweza hata kung'aa zaidi. Tatizo lako ni mbalamwezi. Usiku wa kwanza wa Jake msituni, mwenge ukishazimwa, kila jani linawaka kwa mwanga wake na ardhi inawaka anapokanyaga. Mwezi ukipiga skrini, hapo wataona ukungu wa kijivu.

Fanya hivi. Kigoma mwezi mpevu unachomoza upande wa milimani jua likizama ziwani. Simamisha skrini mgongo wake uelekee milimani na uso uelekee ziwani. Watu wakae wakilipa ziwa mgongo. Mwezi utakuwa nyuma ya skrini hadi karibu na usiku wa manane. Nyuma ya kitambaa funga turubai jeusi, la sivyo mwanga utapenya. Kama unaweza kuchagua siku, chagua siku mbili tatu baada ya mwezi kuwa mpevu, kwa sababu kila siku unachelewa kuchomoza kama dakika 50, utapata giza zuri mwanzoni. Waombe na wenye maboti wazime taa zao.

Jenereta liweke mbali, nyuma ya mwamba ukiupata. Mnabishana kunyamaza halafu jenereta linanguruma sikioni, haina maana.

Binti_wa_Tabora

Nami niongeze kitu kutoka huku Tabora. Mwanzoni mwa 2010 iliripotiwa kwamba baadhi ya watazamaji walitoka kwenye filamu hii na huzuni ya kweli, dunia yao waliiona imepauka, wakatamani kuishi Pandora. Mdogo wangu wa kiume ilimpata hivyo hivyo, alikaa kimya siku nzima. Kilichomsaidia ni kuizungumza na wenzake. Kwa hiyo naunga mkono wazo la mzee: watu wasitawanyike filamu ikiisha tu. Na huyo kijana wa magongo, kaka, mtafute. Muulize alionaje. Yeye ndiye aliyekuonesha mahali pa kunyamaza.

Mtafsiri_Ujiji

Nimeshamtafuta dada. Nimemwomba akae na mimi mezani siku hiyo, tumepanga pamoja. Nitasimulia mwanzo nikiwa mbele, kama mwalimu alivyosema. Mazungumzo ya kambini kwa wavamizi, ya kanali na wenye kampuni ya madini, nitayatafsiri kwa kifupi, maana hapo ndipo kina mama walipopotea. Lugha ya Wanavi nitaigusa tu inapolazimu. Jake akiamka kwenye mwili mpya, usiku wa msituni, wakiruka angani mara ya kwanza, na mti ukianguka, maiki itakuwa kwa kijana na itakuwa imezimwa. Mwishoni anakabidhiwa mzee.

Bado nina swali moja: turubai jeusi la ukubwa huo nitalipata wapi bila kununua?

Mtoto_wa_Kibirizi

Mkuu, mwanzo nilikuwa nakupinga, sasa nimekuelewa. Turubai lipo kwetu, la kufunikia dagaa mvua ikija. Lina tundu moja pembeni, litashonwa. Njoo mwaloni asubuhi umuulizie mjomba, nitakuwa nimeshamwambia.