Zabuni zinapata mzabuni mmoja, na sasa soko linatafutiwa mbia: tuanzie wapi?

Mwana_Ngamiani (Tanga)

Waungwana, habari za kazi. Naomba wenye ujuzi wa ununuzi wa umma wanisaidie.

Kuna halmashauri ukanda huu wa pwani, jina naliweka kando, ambayo zabuni zake za ujenzi zinafika siku ya ufunguzi na mzabuni mmoja, wakizidi wawili. Tangazo lipo kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na ufunguzi unafanyika mtandaoni, lakini washindani hawaji. Sasa imeingia hoja ya kumpata mbia wa sekta binafsi ajenge soko la ghorofa, aliendeshe miaka kadhaa, kisha alirudishe. Tayari kuna mwekezaji ameleta andiko lake bila kuombwa.

Ushindani unapotelea wapi, na ni nyaraka zipi diwani au mfanyabiashara wa kawaida azisome ili auone? Na huyu mbia aliyekuja mwenyewe, sheria inamtaka apite njia ipi?

Mgavi_Raskazone

Mkuu, NeST imeziba mianya ya bahasha kupotea na tangazo kubandikwa pasipoonekana. Zabuni iliyoandaliwa vibaya kabla ya kupandishwa haiwezi kuitengeneza. Ushindani mara nyingi hufia kwenye meza ya idara tumizi, yaani idara inayoihitaji kazi, wiki kadhaa kabla ya tangazo, kwa hiyo huko ndiko pa kuanzia.

Chukua Mpango wa Mwaka wa Ununuzi uuweke kando ya orodha ya zabuni zilizotoka kweli. Tuseme mpango ulionyesha madarasa 12 kwa ushindani wa kitaifa mwezi Septemba, halafu kazi ile ile ikatoka Mei vipande vipande kwa nukuu za bei. Hapo ununuzi umekatwa ili uingie chini ya ukomo wa njia nyepesi, na sheria inakataza kugawa kwa nia hiyo. Mei nayo ina maana yake. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni, idara zinakimbizana na fedha zisirudi, siku za kuandaa zabuni zinabanwa hadi kiwango cha chini kabisa. Mkandarasi asiyejua habari kabla hawezi kutembelea eneo la kazi, kupata bei za vifaa na dhamana ya benki ndani ya siku hizo. Aliyedokezwa mapema anaweza.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halisemwi sana, nalo ni kufungasha kazi nyingi pamoja. Madarasa ya Pongwe, zahanati ya Chongoleani na vyoo vya Mabokweni vikiwekwa kwenye mkataba mmoja, mkandarasi wa daraja la chini anaondolewa na ukomo wa daraja lake kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi kabla hajapiga hesabu yoyote. Dawa yake ni loti. Tangazo liwe moja, kila eneo loti yake, mtu aruhusiwe kuomba moja au zote, na nyaraka ziseme tuzo itatolewaje kwa aliyeshinda loti nyingi kuliko uwezo wake. Wapo maofisa wanaoogopa loti wakidhani ni kukatakata ununuzi. Sivyo, mradi njia ya ununuzi imechaguliwa kwa thamani ya jumla ya loti zote.

Baada ya hapo soma vigezo vya sifa. Kazi ya milioni 240 inayodai mauzo ya wastani ya bilioni 2 kwa mwaka, na juu yake miradi mitatu inayofanana ndani ya miaka mitatu, imeandikwa kwa ajili ya watu wachache sana. Kipimo kinachotumika sana ni mauzo ya mara moja na nusu hadi mara mbili ya thamani ya kazi, yaani milioni 360 hadi 480 kwa mfano huu. Vipimo vya vifaa navyo vinaweza kufunga mlango: taja unene wa bati, aina ya mpako na kiwango cha TBS, usitaje jina la kiwanda. Ila usilegeze kupita kiasi. Pwani hii ukiandika "bati geji 28" ukaishia hapo bila kutaja mpako, atashinda mwenye bati duni, na chumvi ya bahari italila paa mapema.

Sababu moja haionekani kwenye nyaraka yoyote ya zabuni, nayo naiona nzito kuliko zote: sifa ya mlipaji. Mkandarasi anayejua kwamba hati ya malipo itakaa miezi minane, na benki inamtoza riba kila mwezi, ana njia mbili tu. Ama apandishe bei, ama asiombe kabisa. Halmashauri inayotaka washindani ichapishe kila robo mwaka hati zilizoidhinishwa, tarehe iliyopokelewa na tarehe iliyolipwa. Mabadiliko ya sheria peke yake hayatawarudisha watu walioumizwa na malipo.

Na mzabuni akibaki mmoja, si lazima kufuta. Pima bei yake dhidi ya makadirio ya mhandisi, yale yaliyokamilishwa kabla ya ufunguzi. Kisha watafute makandarasi kumi wa daraja husika uwaulize, kwa maandishi, kwa nini hawakuomba. Majibu yao yaingie kwenye maandalizi ya zabuni inayofuata.

Kipimo_Pwani

Naongezea upande wa hesabu, kwa sababu wazabuni watatu si lazima wawe washindani watatu.

Panga BOQ zao zote, yaani orodha za vipimo vya kazi na bei zake, kwenye jedwali moja, mstari kwa mstari. Bei za watu waliopiga hesabu kila mtu kwao hutawanyika: mmoja ana mtambo wake, uchimbaji kwake ni rahisi, mwingine yuko karibu na machimbo, kokoto zake ni nafuu. Ukikuta bei za B ni bei za A mara 1.08 kuanzia kufyeka eneo hadi rangi ya mwisho, B hakukadiria kitu. Tazama pia jumla iliyokosewa mahali pale pale, sentensi ile ile kwenye mbinu za utekelezaji, dhamana za benki zenye namba zinazofuatana, na aliyeshindwa kuonekana baadaye eneo la kazi kama mkandarasi mdogo wa aliyeshinda. Kwa BRELA, msajili wa kampuni, siku hizi kampuni zinatakiwa kuwasilisha taarifa za umiliki manufaa, yaani nani hasa anazimiliki, kwa hiyo afisa wa tathmini anayo njia ya kuuliza nani yuko nyuma ya kampuni mbili zenye majina tofauti. Dalili hizi si ushahidi kamili. Zinatosha kuiandikia Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inapiga marufuku washindani kupanga zabuni. Pakiwa na harufu ya rushwa, ni TAKUKURU.

Halafu kuna bei iliyoegemezwa, yaani iliyopandishwa kwenye kipengele kinachotarajiwa kuongezeka na kushushwa kwingine, ambayo huwapita wengi kwa sababu haihitaji njama. Chukua jengo la karibu na bahari, mahali penye mwamba wa matumbawe chini ya udongo. BOQ imeweka kuchimba mwamba meta za ujazo 20 tu kwa sababu hakuna aliyepima. Mzabuni A anaweka 150,000 kwa kila meta, jumla milioni 3. Wengine wanaweka 50,000, jumla milioni 1. A ameshusha bei kwenye vipengele vingine kwa milioni 7, hivyo ufunguzini ni nafuu kwa milioni 5, na anashinda. Kazi inaanza, mwamba unatoka meta 200. Kwa A ni milioni 30, kwa mwenzake ingekuwa milioni 10. Ukitoa zile 7 alizoshusha kwingine, halmashauri imelipa milioni 13 zaidi ya ambazo ingelipa kwa aliyeshindwa, na kila karatasi iko sawa kisheria.

Kinga yake ni mashimo ya majaribio matatu au manne kabla ya kuandika BOQ, na matokeo yapewe wazabuni wote. Hata pasipokuwa na mtu mwenye nia mbaya, vipimo vya kukisia huzaa maelekezo ya mabadiliko ya kazi katikati ya mkataba, na huko hakuna tena mshindani wa kulinganisha naye bei.

Mwana_Ngamiani (Tanga)

Ahsanteni sana, wakuu. Hili la mwamba linagusa maeneo yetu hasa. Bado suala la mbia. Na mzabuni akiona ameonewa, ana siku ngapi?

Mbegani_Ubia (Bagamoyo)

Ndugu, kwa mbia msingi ni Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya 2010, pamoja na marekebisho yake ya 2014, 2018 na 2023, na mratibu ni Kituo cha Ubia. Kuleta andiko bila kuombwa kunaruhusiwa. Ila andiko halimpi mtu mradi. Ushindani ndiyo njia ya kawaida, na msamaha una masharti, likiwemo la mradi kutohitaji dhamana wala msaada wa fedha wa Serikali. Kwa hiyo lisome andiko hilo ukitafuta msaada uliofichwa. Je, anaomba kiwanja bure? Anataka ahadi kwamba wachuuzi wote wa soko la zamani watahamishiwa kwake? Anadai kusijengwe soko jingine ndani ya kilomita kadhaa? Hayo yote yana thamani ya fedha, na kwa maoni yangu soko la ghorofa halina upekee wa kumfanya mtu asishindanishwe. Teknolojia yake ni zege na nondo.

Halmashauri iwe na takwimu zake kabla ya kukaa naye mezani. Vizimba vingapi vipo leo, vingapi vinalipa, ushuru wa miezi 12 kwa mujibu wa mashine za POS, maji, umeme, taka. Asiyejua soko lake linaingiza nini atakubali mahesabu ya mgeni. Upembuzi yakinifu usifanywe na mleta andiko peke yake. Pawe na mshauri anayelipwa na umma walau wa kuupitia.

Wakati wa kushindanisha, funga kila kitu isipokuwa kimoja. Mchoro wa msingi, muda wa mkataba, kodi ya juu kabisa ya kizimba na ratiba ya matengenezo viwe sawa kwa wote, na washindanie malipo kwa halmashauri tu. Ukiruhusu mmoja alete miaka 15 na kodi ndogo, mwingine miaka 30 na kodi kubwa, tathmini inageuka kuwa maoni ya wajumbe. Malipo hayo yawe asilimia ya mapato ghafi, pamoja na kima cha chini cha mwaka. Asilimia ya faida ni hatari, kwa sababu ada za usimamizi zinazolipwa kampuni dada zinaweza kuimaliza faida yote kwenye vitabu.

Nchi yetu imeshapata mafunzo ghali. Mkataba wa maji Dar es Salaam, City Water, ulianza 2003 baada ya kampuni tatu kupita mchujo na moja tu kuleta zabuni, bei haikuhimili, na 2005 ukavunjwa na kuishia kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mkataba wa kitengo cha makontena bandarini, TICTS, ulitolewa 2000 kwa miaka 10, ukaongezwa 2005 hadi 25 huku muda wa kwanza ukiwa umefika nusu tu. Hapo ndipo pa kushika: nyongeza ya muda ni zabuni mpya isiyo na mshindani. Kipengele cha kuongeza muda kiwekewe masharti ya kupimika, au kisiwepo. Na hapa kwetu makubaliano ya awali ya bandari ya Bagamoyo yalisainiwa 2013, yakasitishwa 2019, na wananchi wa Mbegani walijadili masharti yake kwa kusikia hotuba badala ya kusoma ukurasa. Halmashauri ichapishe mkataba wa soko wenyewe, ikifunika yale tu ambayo ni siri ya kweli ya kibiashara.

Sehemu ya kurudisha mali huandikwa kwa haraka kuliko zote. Jengo likaguliwe kwa pamoja miaka mitatu kabla ya mwisho, kasoro ziorodheshwe na gharama zake, na fedha za kuzitengeneza ziwekwe akaunti maalumu kutoka mapato ya miaka hiyo. Bila hivyo mtarudishiwa paa linalovuja na lifti iliyokufa.

Makorora_Sheria

Kuhusu siku: chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 mzabuni asiyeridhika analalamika kwa afisa masuhuli (kwa halmashauri ni mkurugenzi) ndani ya siku 5 za kazi tangu ajue tatizo. Afisa masuhuli naye ana siku 5 za kazi kutoa uamuzi. Asipoamua, au uamuzi usiporidhisha, rufaa inakwenda Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma ndani ya siku 5 nyingine za kazi. Wengi hupoteza haki kwa kusubiri mkataba usainiwe. Saa inaanza kuhesabu pale unapopata taarifa ya kusudio la kutoa tuzo, au mapema zaidi kama tatizo ni kigezo kilichomo kwenye nyaraka. Kigezo kibaya kilalamikie kabla ya kuomba, usingoje ukose.

Mwananchi asiye mzabuni hana njia hiyo. Yeye atumie Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Andika barua fupi yenye vitu vinavyotajika kwa jina, maana ukiomba "taarifa zote za mradi" utajibiwa kwa ujumla ule ule. Kwa jengo lililokamilika, omba bei ya mkataba, kila maelekezo ya mabadiliko na sababu yake, hati zote za malipo zenye tarehe, na cheti cha kukamilika. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa kutoka hapo.