Mrejesho: ile nyumba ya Utawala

Niliuliza hapa kama ninunue mezoneti (nyumba ya chini na juu) kwenye mtaa mpya Utawala, Nairobi, nyumba zote ramani moja. Asante uliyeniambia niende na fundi wangu, si wa muuzaji.

Tulienda Jumamosi, baada ya mvua. Ile ya maonyesho inang'aa kama bibi harusi. Nikaomba kufunguliwa ninayouziwa. Fundi akagonga taili za jikoni kwa sarafu ya shilingi ishirini: karibu nusu zina mvungu chini, hazikushika. Kona ya dirisha, ufa wa mshazari, kucha inaingia. Udongo mweusi wa huku hufura ukilowa, ukikauka unasinyaa, kwa hiyo nikaomba ripoti ya mhandisi kuhusu msingi. Muuzaji akaanza kunisifia geti!

Jirani aliyehamia mwaka jana kaziba ufa wake mara mbili. Umerudi. Amana sijalipa.