Tupeane uzoefu: Waliowahi kufika kwenye magofu ya maskani ya Rahma bin Jabir, au ya haramia mwingine yeyote wa baharini

Mtanga wa Doha (mleta mada)

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Huu ni mwaka wangu wa sita nikifanya kazi Doha, na Ijumaa moja ya mwezi uliopita mimi na wenzangu watatu tulifunga safari kwenda kaskazini mwa Qatar, hadi kijiji kilichohamwa kiitwacho Al Khuwayr, ambacho katika maandishi ya zamani hujulikana kwa jina la Khor Hassan. Hapo ndipo palipokuwa maskani ya Rahma bin Jabir wa ukoo wa Al-Jalahma, mtu ambaye kwa miongo kadhaa hakuna nahodha wa Ghuba aliyelisikia jina lake akabaki ametulia. Alizaliwa Kuwait yapata mwaka 1760. Ukoo wake ulishirikiana na ukoo wa Al Khalifa, unaoitawala Bahrain hadi leo, kuiteka nchi hiyo mwaka 1783, kisha ukaona umepunjwa katika mgawo, na tangu hapo Rahma akaifanya kazi ya maisha yake kuwa ni kuziwinda merikebu za Bahrain. Inasimuliwa kwamba jicho moja lilimtoka vitani, na kwamba yeye ndiye haramia wa kwanza kujulikana kwa kuliziba jicho kwa kitambaa, jambo ambalo sasa kila mtoto hulichora anapochora haramia.

Nilitarajia kukuta ngome. Tulichokuta ni kuta za mawe ya pwani, nyingine zikifika kifuani na nyingine zikiwa zimebakia chungu ya kifusi, milango isiyo na mbao, na mchanga uliojaa vyumbani hadi kwenye vizingiti vya madirisha. Ni haki niseme mapema kwamba sehemu kubwa ya kuta zilizosimama si za Rahma, bali ni za wavuvi na wazamia lulu waliokuja kuishi hapo baada yake, hadi karne ya 20 walipohama. Anayekwenda akitaka kushika ukuta ambao haramia mwenyewe aliuegemea atarudi mikono mitupu.

Hata hivyo nilielewa jambo ambalo nisingelielewa kwa kusoma. Neno "khor" ndilo hilihili neno letu "hori", na Al Khuwayr maana yake ni hori dogo. Maji yalikuwa yamekupwa, nikavua viatu nikaingia baharini, nikatembea kwa dakika nyingi nikielekea upande wa Bahrain bila maji kunifika magotini. Jahazi kubwa linaloongozwa na mtu asiyezijua njia za maji ya pale lingekwama kwenye mchanga kabla mizinga yake haijaweza kulifikia lolote la maana, ilhali mwenyeji aliyezijua nyakati za kujaa na kupwa angeweza kuingia na kutoka apendavyo. Kwa hiyo nilianza kuamini kwamba ngome yake ya kwanza ilikuwa ni bahari yenyewe.

Tulipokaa kula chini ya kivuli cha ukuta, niliwasimulia wenzangu habari iliyoandikwa na msafiri Mwingereza, James Silk Buckingham, aliyemwona Rahma kwa macho yake huko Bushehr, bandari ya Uajemi, mwaka 1816. Anasema wafuasi wa haramia huyo walifika watu 2,000, na kwamba wengi wao walikuwa watumwa wa Kiafrika aliowanunua mwenyewe. Mwenzetu mmoja, mtu wa Kigoma asiyependa maneno mengi, akazitazama zile kuta, akahesabu vyumba kwa kidole, kisha akauliza, "Sasa hao watu elfu mbili walikuwa wanalala wapi?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu nimeileta mada hii. Aliyewahi kufika Al Khuwayr, Zubara, Dammam au penginepo palipokaliwa na mtu wa aina hii, na atueleze alichokiona na alichokitafuta asikipate.

Boriti ya Lamu

Mleta mada, ahsante. Mimi ni mtu wa Lamu na kazi yangu ni ujenzi, kwa hiyo nitalijibu swali la mwenzako wa Kigoma kwa njia ya ujenzi.

Nilifika Zubara kwanza, mji wa magofu ulioingizwa mwaka 2013 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kisha nikaendelea hadi Al Khuwayr na kijiji jirani cha Al Areesh. Kwanza niliona kwamba vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba, kama vya kwetu. Sababu ni moja: upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti, na boriti za kuezekea nyumba za Ghuba zilikuwa mikoko iliyokatwa pwani yetu ikapakiwa majahazini kwenda na upepo wa kusi. Nilipima kwa hatua zangu na nikaona vipimo vilevile nilivyovizoea tangu nikiwa mwanafunzi wa fundi. Mapaa yenyewe yamekwisha kuporomoka, lakini unaweza kuyajua kwa kuutazama ukuta, kwa sababu matundu ya boriti bado yako mahali pake.

Pili, na hili ndilo jibu: nyumba ya mawe ilikuwa ya mwenye mali. Watu wengine walilala katika vibanda vya makuti ya mtende, na kibanda cha namna hiyo kwa Kiarabu huitwa "arish". Tazama basi jina la kijiji jirani. Kibanda cha makuti kikifa hakiachi ukuta; huacha mashimo ya nguzo na majivu ya meko, tena chini ya mchanga, mahali ambapo mgeni mwenye simu ya kupigia picha hana haja ya kupatazama. Kwa hiyo, ndugu yangu, mlikuwa mmekaa kula mkiwa upande wa bwana. Pengine watumwa wake walikuwa wakilala nyuma yenu, pale mlipoegesha gari.

Dereva wa Jangwani

Nami nichangie kidogo kwa wanaotaka kwenda. Msiende kati ya mwezi wa 6 na wa 9, kwa sababu joto hupita nyuzi 40 na hakuna mti wa kujikinga. Msitoke kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa na magari, maana ardhi ya pale juu ni chumvi kavu na chini ni tope, na nimewahi kutumia nusu siku nikilichimbua gari lililozama hadi kwenye ekseli. Chukueni maji ya akiba. Vigae vya vyungu mtavikuta vimetapakaa kila mahali, viacheni hapohapo.

Mwana wa Malindi, Unguja

Nashangaa hakuna aliyemtaja Sayyid Said bin Sultan, ilhali sisi wa Zanzibar ndiye tunayemjua kuliko huyo Rahma. Majeshi ya Maskati yaliposhambulia Zubara mwaka 1811 na kuuchoma moto mji ule, mtawala wa Maskati alikuwa ni yeye, kijana aliyekuwa na miaka 20 hivi. Mwaka 1816 alipokwenda kuipiga Bahrain, Rahma alikuwa upande wake, na wakashindwa wote wawili. Miaka baadaye Said akahamishia makao yake kwetu, akapanda mikarafuu, na leo tunamsoma shuleni kama mfalme. Rafiki yake wa vita tunamsoma kama haramia.

Nimefika Zubara mara mbili. Watu wengi huishia kwenye ile ngome nyeupe wakidhani ndiyo ya kale, kumbe ilijengwa mwaka 1938 kwa ajili ya walinzi wa pwani. Mji wenyewe uko mbele zaidi, kuelekea baharini, nao umelala chini kabisa. Nilipokuwa pale nilimkumbuka babu yangu, aliyekuwa na kauli kwamba tofauti ya mfalme na mwizi ni idadi ya majahazi. Kauli hiyo si sahihi kwa kila hali, lakini kwa Ghuba ya miaka ile naona ilikaribia ukweli. Waingereza wenyewe, waliowapiga na kuwachomea majahazi watu wa Ras al-Khaimah, bandari nyingine ya Ghuba, mwaka 1819, walimvumilia Rahma kwa sababu alijichunga asiguse merikebu iliyopeperusha bendera yao.

Dada wa Zamu ya Usiku

Mwana wa Malindi, kaka yangu, nakuheshimu, lakini kauli ya babu inawatosha wenye majahazi tu. Kwa aliyefungwa ndani ya jahazi, huyo bwana aitwe mfalme au aitwe haramia, kwake yeye ni mamoja.

Mimi ni muuguzi, natoka Mombasa. Huko Al Khuwayr nilikwenda baada ya kutembelea nyumba ya Bin Jelmood iliyopo Msheireb, katikati ya Doha, ambayo tangu mwaka 2015 ni makumbusho ya historia ya utumwa. Nawashauri mfuate mpangilio huo: makumbusho kwanza, magofu baadaye. Pale utaelezwa waziwazi kwamba watu walitolewa Afrika Mashariki wakaletwa kuzamia lulu, kuvuna tende na kutumikia majumbani, na kwamba Qatar iliufuta utumwa kisheria mwaka 1952. Mama yangu mzazi alikuwa amekwisha kuzaliwa.

Buckingham huyohuyo aliyetajwa anasimulia kwamba baadhi ya mabaharia walipomwasi Rahma, aliwafungia katika tangi la maji la merikebu, akaliziba juu mpaka wakafa kwa kukosa hewa, kisha akawatupa baharini. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo usiku wa kuamkia safari, nami kwa kazi yangu najua mtu anayekosa hewa hupitia nini na kwa muda gani. Nilipofika pale ufukweni wenzangu walikuwa wakipiga picha na kucheka, nami sikuwalaumu, maana ni mahali pazuri mno. Maji ni ya kijani na ndege wa majini ni wengi ajabu. Mimi nilisimama kando.

Jambo moja lililonipa moyo sikulikuta kwenye magofu bali harusini. Mgonjwa mmoja aliyepona alinialika kwenye harusi ya jamaa zake, na usiku wakapiga ngoma inayoitwa liwa, yenye zumari na duara la wachezaji wanaokwenda taratibu wakizunguka. Katika nyimbo zile nikasikia maneno ya Kiswahili, yamechakaa kidogo lakini ni yenyewe. Mzee aliyekuwa akiimba hakujua maana ya yote aliyokuwa akiimba. Nikamfasiria machache, akanitaka niyarudie, akayarudia baada yangu.

Mkisii wa Galway

Wenzangu mko Ghuba, mimi niko Ireland. Kwenye ghuba ya Clew, karibu na mji mdogo wa Newport katika jimbo la Mayo, upo mnara wa mawe uitwao Rockfleet, uliokuwa wa Gráinne Ní Mháille, mwanamke aliyetawala bahari ya magharibi ya nchi hii katika karne ya 16 na ambaye Waingereza walimwita haramia. Mwaka 1593 alisafiri hadi Greenwich akaonana na Malkia Elizabeth wa Kwanza ana kwa ana. Wenyeji wanasimulia kwamba alipolala Rockfleet kamba ya merikebu yake ilipitishwa kwenye tundu la ukuta ikafungwa kitandani kwake, ili mwizi akiigusa yeye aamke. Hadithi nyingine ni kwamba aliolewa kwa masharti ya mwaka mmoja, na mwaka ulipotimia akamfungia mume mlango, akamtaliki akiwa dirishani, na mnara akabaki nao.

Nilifika siku ya mvua, na hapa kusema hivyo ni sawa na kusema nilifika siku ya kawaida. Mnara una ghorofa nne na bado umesimama imara, tofauti na hayo magofu yenu. Nilichokitafuta ni lile tundu la kamba. Matundu ni mengi, nami nilichagua moja nikajiridhisha kuwa ndilo. Lakini baada ya kuyasoma maneno ya Boriti ya Lamu naona nami nilitazama upande wa mwenye nyumba tu. Wapiga makasia wake walilala wapi, sikuwahi hata kujiuliza, na nimepita pale mara tatu.

Mtanga wa Doha (mleta mada)

Nimesoma yote, na maneno ya Dada wa Zamu ya Usiku nimewasomea wenzangu kwa sauti. Niongeze habari ya mwisho wa Rahma, kwa kuwa wawili wameniuliza kwa ujumbe wa faragha. Mwaka 1826 alikuwa mzee aliyepofuka. Alikutana na merikebu ya Bahrain karibu na pwani ya Dammam, na alipoona ameshindwa alimkumbatia mwanawe mdogo, mtoto wa miaka minane hivi, akatia moto kwenye baruti na kuilipua merikebu yake pamoja na wote waliokuwamo. Simulizi nyingi huishia hapo kwa kumstaajabia ushujaa. Mabaharia hawakuulizwa.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao tunarudi Al Khuwayr, safari hii tukiwa na magari mawili, na Boriti ya Lamu amekubali kutuongoza. Tutafika maji yakiwa yamekupwa. Tutaanza kutembea pale kuta zinapoishia, upande wa mchanga, na mtu wa Kigoma amesema yeye ndiye atakayetangulia.