Moto wa Njano kwenye Jiko Lililotoka Leicester

Kikundi: Ukoo wa Ngamiani

ALHAMISI

Mama Mdogo, saa 1:42 usiku
Assalaam aleikum nyote. Kaka, ninaomba unisaidie kabla sijagombana na jiko hili. Tangu niliunganishe na mtungi siku ya Jumatatu, moto wake ni wa njano na unapanda hadi kulamba mikono ya sufuria. Leo nimesugua sufuria ya wali kwa majivu na maganda ya limau, na masizi bado yapo. Kuna fundi wa mtaani aliyekuja kulitazama, akasema matundu ni madogo na kwamba atayatanua kwa msumari.

Mjomba, saa 1:50 usiku
Waaleikum salaam, mdogo wangu. Mwambie fundi huyo arudishe msumari wake mfukoni. Kwanza nijibu jambo moja: moto wa njano unatoka kwenye pleti moja au kwenye zote nne? Ikiwa ni moja tu, ugonjwa uko kwenye pleti hiyo hiyo, ama kifuniko chake kimekaa upande, ama vitundu vyake vimeziba kwa mafuta na mchuzi uliomwagika, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, maji ya moto, sabuni na sindano. Zikiwa zote, kosa liko kwenye kile kinacholiingia jiko, na hapo sindano haina kazi.

Mama Mdogo, saa 1:53 usiku
Ni zote nne, pamoja na oveni. Tena oveni ina kisirani chake: nikiishikilia swichi inawaka vizuri, nikiiachia inazimika.

Kaka wa Leicester, saa 2:05 usiku
Shikamoo Mama, shikamoo Mjomba. Ninaona haya kusema, lakini jiko hilo nililinunua likiwa limetumika, nikaliwasha mwenyewe katika nyumba ya muuzaji kabla halijaingia kwenye kontena, na moto wake ulikuwa wa buluu tupu.

Mjomba, saa 2:16 usiku
Marahaba, na haya uziweke kando, kwa sababu jiko ni zima. Huko Uingereza nyumba nyingi zinaletewa gesi asilia kwa bomba, kwa msukumo mdogo wa takribani milibari 20, na nozeli za jiko, yaani vile vipande vyenye tundu dogo la kupitishia gesi, zimetobolewa kwa ajili ya gesi hiyo. Gesi ya mtungi wa mama yako ni propani na butani. Kwa ujazo ule ule ina joto la zaidi ya mara mbili, na regulata zetu huitoa kwa takribani milibari 30. Gesi nzito namna hiyo ikipita kwenye tundu lililotobolewa kwa ajili ya gesi nyepesi, inatoka nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma yote, na ile isiyoungua sawasawa ndiyo masizi mnayoyasugua kwa majivu. Mdogo wangu, matundu yako ni makubwa mno, na huyo bwana alitaka kuyaongeza. Jiko hilo lingefaa zile nyumba chache za Dar es Salaam zilizounganishiwa kwa bomba gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo, lakini Tanga bomba hilo halijatufikia.

Dada wa Mbagala, saa 2:20 usiku
Shikamooni wakubwa. Je, Mama Mdogo hawezi kuendelea kulitumia kwa moto mdogo mpaka fundi apatikane?

Mjomba, saa 2:24 usiku
Marahaba. Hapana. Moto unaotoa masizi unatoa pia kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na katika jiko lililofungwa madirisha mtu huanza kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu akidhani ni joto la Tanga. Mdogo wangu, funga koki ya mtungi usiku huu. Huyu ndiye mgonjwa wa fundi wa majiko: nozeli zote zibadilishwe ziwe za gesi ya mtungi, za oveni pia, na hewa ya bana, pale moto unapotokea, ipimwe upya. Ukimwita, mwulize kwanza kama anazo nozeli hizo mkononi. Akikujibu kwamba atatoboa au ataziba zilizopo kwa madini ya risasi, mshukuru na umfungulie mlango.

Kaka wa Leicester, saa 2:31 usiku
Huku sheria hairuhusu mtu kugusa gesi ya nyumba ya mwingine kwa malipo asipokuwa ameandikishwa Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Nilipaswa kukumbuka kuuliza.

Mjomba, saa 2:40 usiku
Sasa oveni. Ndani, karibu na bana, kuna kijiti cha shaba ambacho kikipata moto huishikilia gesi iwe wazi, na moto ukizimika hukata gesi. Ishikilie swichi kwa sekunde 15 baada ya kuwaka, kwa sababu kijiti kinahitaji muda wa kupata joto. Kikiendelea kuzima, kifutwe masizi kwa kitambaa kikavu jiko likiwa baridi, na bado kikikataa, kibadilishwe. Nimeingia katika nyumba moja Ilala nikakuta swichi ya oveni imefungwa kwa kamba ya katani ili isirudi. Yaani mtu amemfunga mlinzi mikono, halafu amekwenda kulala.

Dada wa Mbagala, saa 2:48 usiku
Mjomba, na langu jamani. Juzi uji wa mtoto ulifurika, na tangu hapo jiko linapiga cheche lenyewe, tak tak tak, hata kama sijawasha kitu. Usiku wa kuamkia jana nilidhani ni panya.

Mjomba, saa 2:55 usiku
Maji yameingia chini ya swichi. Chomoa waya ukutani, ondoa vifuniko, futa, na uache pakauke siku nzima au mbili huku ukiwasha kwa kiberiti. Pakikauka na bado linapiga, swichi yenyewe imeharibika na hiyo ni ya fundi. Je, harufu ya gesi ipo?

Dada wa Mbagala, saa 2:57 usiku
Kidogo, asubuhi, nikiinama kufagia.

Mjomba, saa 2:58 usiku
Ungeanza na hilo, mwanangu! Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, ndiyo maana unaisikia unapoinama. Funga koki sasa hivi, fungua milango, usiwashe wala kuzima taa ya jikoni, usichomoe waya huo mpaka harufu iishe, na simu itoke nje pamoja nawe. Kesho mchana, jiko likiwa limezimwa na pasiwe na moto karibu, fungua koki kidogo na upake povu la sabuni kwenye regulata na mpira wote. Mahali panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Mpira ukiwa na nyufa usiufunge kwa gundi, nunua mwingine.

IJUMAA

Dada wa Mbagala, saa 8:10 mchana
Mapovu yametoka pale mpira unapoingia kwenye jiko, na nilipoukunja niliona nyufa kama za kisigino. Nimeununua mpya pamoja na klipu zake, nikapaka povu tena, na safari hii pametulia. Cheche nazo zimenyamaza.

JUMAMOSI

Mama Mdogo, saa 11:35 jioni
Fundi aliyependekezwa na Mjomba wenu amekuja na nozeli zake ndani ya kikopo cha dawa ya viatu, amezibadilisha zote, na moto sasa ni mfupi na wa buluu, sufuria inakaa juu yake bila kunuka. Zile za zamani nimezifunga kwenye kitambaa. Kijiti cha oveni hakupata kinacholingana, amesema atakitafuta Dar es Salaam wiki ijayo. Kwa hiyo mkate wa kumimina wa kesho utapikwa kwa makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na anayeutaka afike kabla ya saa nne.