Walimu, mbona hamkumwambia mtoto habari ya klasta, zile pointi za kugawia kozi za chuo kikuu, mapema??

Wazazi wenzangu nimekasirika na leo lazima niseme. Mtoto wa dada yangu amemaliza shule moja ya kutwa huku Eastlands, Nairobi, KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, akapata B, nyumba nzima tukashangilia, soda zikanunuliwa, halafu majina ya uuguzi yakatoka na yeye hayumo, amepewa kozi hata hajawahi kuiwazia.

Tukakaa chini na ile karatasi ya matokeo. Bayolojia A-, Kemia B+, Kiingereza B+, Hesabu B. Hayo ndio manne tulihesabu ya klasta yake, pointi 40 kati ya 48, sasa niambieni huyo mtoto anakosaje uuguzi? Kumbe klasta haiishii hapo, hayo manne, 40 kwa 48, yanazidishwa na jumla ya masomo saba kwa 84, inatafutwa skwea ruti, halafu jibu linazidishwa na 48. Na huko kwa saba ndiko alimalizwa. Kiswahili C+, CRE (dini ya Kikristo) C+, Historia C, jumla ikawa 60. Kijana wa saiba, pale kwa kompyuta za intaneti, akapiga ile fomula akatuonyesha 40 imeshuka hadi 37 hivi, na kozi inayogombaniwa na watoto wa nchi nzima pointi tatu si kitu kidogo.

Na walimu walikuwa wanajua!! Wakati wa kuchagua masomo aliwekwa Historia kwa sababu mwalimu wa Jiografia hakuwepo, basi, hakuna mtu alimkalisha akamwambia hii Historia itakufuata mpaka uuguzi. Mwalimu wake wa darasa alimwambia kazana na sayansi, hizo zingine pita tu. PITA TU. Mtoto akatii, saa za Historia akawa anafanya Kemia chini ya dawati miaka miwili. Pesa za tuisheni tulilipa kila muhula, lakini dakika kumi za kueleza klasta zilikosekana.

Na msiniambie alizembea. Ripoti zake zote ziko hapa mezani, kila muhula yuko juu, ila hizo ripoti hakuna mtu anaziangalia. Vyuo vya Marekani vinaitisha alama za miaka yote minne ya sekondari, mtoto akiteleza mara moja ana kitu cha kuonyesha. Hapa kwetu ni mtihani wa Novemba peke yake.

Halafu jirani yetu msichana ana C+, sina ubaya naye kabisa, C+ ndio kiwango cha chini cha digrii na babake analipa mwenyewe, anasomea uuguzi huo huo chuo cha kibinafsi. Dada yangu anauza mboga, hiyo karo ataitoa wapi? Kwa hivyo gredi ni kali kwa asiye na pesa tu.

Darasa la mwisho la 8-4-4, huu mfumo wa zamani wa masomo, linafanya KCSE 2027, kwa hivyo wenye watoto huko nendeni shuleni wiki hii, muulize masomo saba ya mtoto ni gani na lipi linamvuta chini, msikubali kuambiwa pita tu.

Na kama kuna mtu humu aliomba transfa ya kozi akahamia uuguzi kweli, tafadhali niandikie hapa ulipeleka karatasi gani na wapi, huyu mtoto hali chakula tangu juzi.